Aurora hadi Grand Junction kwa I-70: soma namba, shusha gia mapema

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Iringa, sasa naishi Aurora, Colorado. Leseni ya hapa nimeipata mwaka huu na mpaka leo nimeendesha mjini tu. Mwezi wa kumi tunataka kwenda Grand Junction kumwona wifi yangu aliyejifungua: mimi, mume wangu na watoto wawili, kwa gari dogo la otomatiki. Mume wangu hana leseni bado, naye anasema nifuate simu tu, inatosha. Mimi naogopa vitu viwili, kupitiliza njia ya kutokea na ile milima. Mabango ni mengi na yanapita haraka. Nisome lipi, niache lipi?

JIBU: Kamwene dada, na hongera kwa mtoto. Simu iwepo, mume wako aishike yeye, lakini njiani kuna mahali itakosa mtandao na kuna mahali inaweza kukupeleka kubaya. Nitakuambia ni wapi. Mabango ya barabara kuu ya I-70 yanatosha kukufikisha kwa sharti moja tu, uamue mapema. Leni, gia, mafuta, vyote kwenye barabara hii huamuliwa kabla hujafika mahali penyewe, kwa sababu ukishafika huna tena nafasi ya kurekebisha.

Anza na namba, majina yasubiri. Kila njia ya kutokea ina namba, na hapa Colorado namba hiyo ni maili, zinazohesabiwa kuanzia mpaka wa Utah upande wa magharibi. I-225 inayokutoa kwenu Aurora inaungana na I-70 kwenye namba 282. Horizon Drive, mojawapo ya njia za kuingilia Grand Junction, ni namba 31. Toa 31 kwenye 282, unapata maili 251, yaani kilomita 404 hivi. Umeshajua urefu wa safari bila kumuuliza mtu. Vibao vidogo vya kijani kandokando ya barabara vinahesabu maili zilezile, kwa hiyo ukiona kibao cha 220 na unataka kutokea 205, umebakiza maili 15, kama robo saa hivi. Wewe unakwenda magharibi, namba lazima zipungue. Ukiona zinaongezeka unaelekea Kansas, na dawa yake ni kutokea popote panaporuhusu na kuingia upande wa pili.

(Kule mashariki, karibu na Stratton, kilikuwepo kibao cha maili 420. Namba hiyo wavuta bangi wanaipenda, na kibao kikawa kinaibwa kila kikisimamishwa. Jimbo likachoka, likaweka kilichoandikwa 419.99. Si majimbo yote yanahesabu kwa maili, New Hampshire kwa mfano inapanga moja, mbili, tatu, kwa hiyo usimfundishe hesabu hii ndugu aliye kule.)

Namba ya barabara yenyewe nayo inasema kitu. Namba shufwa kama 70 huenda mashariki na magharibi, witiri kama 25 huenda kusini na kaskazini. Ndiyo maana unapofika mwisho wa I-225 bango litakuuliza WEST au EAST kwanza, mji baadaye. Wewe ni WEST. Ukishaipita Denver utaanza kuona Grand Junction imeandikwa juu kabisa, ingawa bado iko mbali. Huo ni mji wa kukuonyesha mwelekeo, usije ukadhani umekaribia.

Sasa bango kubwa la kijani. Juu yake kuna kibango kidogo chenye neno EXIT na namba. Tazama kimekaa pembe ipi. Kikikaa kulia, unatokea kulia. Kikikaa kushoto, na mara nyingi hapo utaona neno LEFT kwenye njano, basi unatokea kushoto. Jambo la pili la kutazama ni sehemu ya chini. Ikiwa na ukanda wa njano ulioandikwa EXIT ONLY, leni iliyo chini ya mshale huo inaishia hapo, ukibaki ndani yake utatolewa upende usipende. Wageni wengi ninaowafundisha hukamatwa na huu ukanda kuliko kitu kingine chochote mjini Denver. Wamekaa leni ya kulia kwa heshima, wanakwenda polepole, ghafla leni imewatoa barabarani. Ukiwa mjini kaa leni ya katikati. Leni ya kulia iingie pale bango linapokuambia njia yako iko maili moja mbele.

Hiyo maili moja ni muda gani? Kwa mwendo wa maili 65 kwa saa, ambao ni kilomita 105 hivi, maili moja huisha kwa sekunde 55. Nusu maili ni sekunde 28. Katika sekunde hizo uwashe indiketa, utazame kioo, ugeuze shingo kuangalia pembeni, na uhame leni moja. Kama uko leni mbili kutoka inapotakiwa na bango linasema nusu maili, usijaribu. Endelea mbele.

Na hapa ndipo ninapojibu hofu yako ya kwanza. Kupitiliza si kosa la jinai, kurudi nyuma ndilo kosa. Usisimame kwenye bega la barabara kufikiri, usirudishe gari rivasi, usikate kona kwenye ule uwazi wa katikati, huo ni wa trafiki na magari ya dharura. Tokea njia inayofuata, vuka daraja, rudi. Kwa mfano ukiipita 205 ya Silverthorne, ipo 203 ya Frisco maili mbili mbele. Gharama yake ni dakika chache na watoto kukucheka.

Rangi nyingine nakupa harakaharaka. Bluu ni mafuta, chakula na malazi. Kahawia ni mbuga na vivutio. Njano ni onyo. Rangi ya chungwa ni ujenzi, nawe utaukuta Floyd Hill ambako kazi kubwa ilianza 2023, hapo fuata koni kuliko mistari ya zamani. Nyeupe yenye maandishi meusi ni sheria. Kasi iliyo kwenye nyeupe ni amri, iliyo kwenye njano ni ushauri wa kona ile, na milimani ushauri huo ufuate kama amri.

Kutoka Aurora, vuka Denver asubuhi mapema. Kushoto utaona leni za kulipia, hakuna kibanda cha kulipa, kamera inasoma namba ya gari na bili inakuja nyumbani. Usiingie, huzihitaji. Kwenye namba 274 unakutana na I-25, makutano ambayo wenyeji huyaita Mtego wa Panya, na jina hilo hawakulitoa bure. Bakia katikati, fuata I-70 West, usishawishike na gari lolote linalohama. Baada ya namba 260 mji unaisha, milima inaanza. Karibu na 254 tazameni nje, pana nyati wa Marekani wanaofugwa na jiji la Denver kando ya barabara. Watazamaji wawe watoto.

Mbele ya Floyd Hill utakuta leni nyingine ya kulipia, imejibana kushoto kabisa mahali palipokuwa bega la barabara. Inafunguliwa siku za msongamano tu, hasa mwisho wa wiki na sikukuu. Ukiona msalaba mwekundu juu yake, imefungwa hata kama ni tupu na inavutia. Hata ikiwa wazi, mstari usiokatika usiuvuke, kamera ziko kazini.

Kutoka Idaho Springs unapanda hadi handaki la Eisenhower. Gari dogo litahema, hewa ni nyepesi na injini inapungukiwa nguvu. Kaa kulia na malori, usione aibu. Colorado leni ya kushoto ni ya kupita tu popote kasi inapofika maili 65 au zaidi, na anayejikokota humo hupigwa faini. Angalia mshale wa joto la injini. Mlango wa magharibi wa handaki uko mita 3,401 juu ya usawa wa bahari, juu ya kituo cha Mandara cha Kilimanjaro na chini kidogo ya Horombo, na hakuna sehemu ya mtandao mzima wa barabara kuu za Marekani iliyo juu kuliko hapo. Mtoto akilalamika kichwa, mpe maji, mtashuka sasa hivi. Handaki ni mashimo mawili. La kwenda magharibi lilifunguliwa 1973 na lina jina la Rais Eisenhower, aliyetia saini sheria ya 1956 iliyozaa barabara hizi. La kurudi lilifunguliwa 1979 na lina jina la Edwin Johnson, aliyekuwa gavana wa Colorado. Ndani ni kama kilomita 2.7. Washa taa, vua miwani ya jua, kaa leni yako.

Sasa nisikilize vizuri, maana hofu yako ya pili iko hapa, na ni hofu ya haki.

Ukitoka tu handakini, mteremko unaanza. Ni kutoka maili 213 hadi Silverthorne kwenye 205, na bango la njano lenye lori juu ya pembetatu litakuonyesha asilimia 7. Maana yake kila mita 100 unazosonga, unashuka 7. Wewe ni mtu wa Iringa, Kitonga unaijua. Umeona malori yanavyoteremka yakiunguruma kwa gia nzito huku harufu ya breki imejaa bondeni. Kanuni ni ileile, gia unayoshukia ichague ukiwa juu. Watu wenye magari ya otomatiki husahau kwamba wana gia. Tazama rungu lako lina nini, L, 2, 3, au alama ya kutoa na kujumlisha. Jaribuni siku moja kabla kwenye kilima chochote karibu na nyumbani, usije ukajifunzia huko. Ukiwa bado handakini punguza mwendo, ukitoka tu shusha gia moja, ukiona gari bado linakimbia shusha nyingine. Injini itapiga kelele. Iache ipige, haijaharibika, inakushikia gari.

Breki ikanyage kwa nguvu kidogo, muda mfupi, mwendo upungue, halafu uiachie ipoe. Usiweke mguu juu yake mteremko mzima. Breki iliyoguswaguswa maili nane hupata moto, na ikipata moto utakanyaga usipate kitu. Ukisikia harufu ya kuungua, toka kwenye njia ya kutokea iliyo karibu, usimame mahali palipotengwa, na uiache ipoe yenyewe bila kuimwagia maji.

Kulia utaona njia ya kokoto inayopanda mlimani, bango lake limeandikwa RUNAWAY TRUCK RAMP. Ni ya lori lililopoteza breki. Linaingia, linazama kwenye kokoto, linasimama. Usiegeshe hapo hata kwa kupiga picha. Na lori likija nyuma yako kwa kasi isiyo ya kawaida huku linapiga honi, usishindane nalo, lipishe.

Mteremko wa pili ni wa Vail Pass. Kwenye 190 pana mahali pa kupumzika, pana vyoo, ingieni hata kama hamjisikii, kwa sababu baada ya hapo unashuka kwa kona kali mpaka East Vail. Gia tena. Ukishaipita Vail barabara inafuata mto Eagle na mambo yanalainika.

Mwezi wa kumi kwako wewe ni wa vuli, kwa barabara hii ni msimu wa baridi tayari. Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, kati ya Morrison kwenye 259 na Dotsero kwenye 133, gari dogo lazima liwe na tairi za theluji, au tairi zenye alama ya M+S, au mvuto wa magurudumu manne, na kina cha meno kisipungue sehemu 3 za 16 za inchi. Tairi zikiwa hazina sifa hiyo, beba minyororo au soksi zake. Faini huanza kama dola 130, na ukinasa hadi ukaziba barabara hupita 650. Nenda kwa fundi wa tairi wiki moja kabla, umwambie unakwenda I-70 milimani, atakupimia meno hapohapo. Asubuhi ya safari fungua COtrip, tovuti ya idara ya barabara ya jimbo. Ikionyesha theluji Vail Pass, mtoto wa wifi hatakimbia, mtamkuta wiki ijayo.

Mafuta. Kati ya Georgetown kwenye 228 na Silverthorne kwenye 205 hakuna kituo, nako ndiko gari linakunywa kuliko kote kwa sababu linapanda. Jaza Idaho Springs au Georgetown. Kituo cha pili kizuri ni Eagle au Gypsum, kabla ya korongo. Na kama mtapata wazo la kuunga safari hadi Utah, mjue kwamba kati ya Green River na Salina ni maili zaidi ya 100 bila kituo cha mafuta. Bango linasema hivyo, na halitanii.

Korongo la Glenwood linaanza baada ya Dotsero, maili kama 12 kando ya mto Colorado. Kasi ni maili 50, na kamwe usizidishe, kona ni nyingi na ukuta uko karibu. Kipande hiki kilimalizika 1992, kikawa cha mwisho kati ya vile vigumu vya mpango wa awali. Barabara ya kwenda na ya kurudi zimepangwa kwa ngazi, moja juu ya nyingine, ili mlima usichimbuliwe sana. Mimi naiona ndiyo kazi nzuri kuliko zote za uhandisi wa barabara niliyowahi kupita. Lakini mume wako asikuonyeshe kitu. Tokeni Grizzly Creek kwenye 121, mtazame mkiwa mmesimama. Usitafute Hanging Lake kwenye 125, anayekwenda magharibi hana njia ya kutokea hapo, inambidi ageukie 121 arudi, na ziwa lenyewe linataka nafasi iliyowekwa mapema.

Hapa ndipo simu inapoweza kukuponza. Moto wa 2020 uliunguza majani ya mlima huo, na mvua za 2021 zikateremsha tope na mawe hadi korongo likafungwa kwa majuma. Likifungwa tena, simu huenda ikakuchagulia njia fupi ya Cottonwood Pass kutoka Gypsum, barabara ya vumbi yenye kona ambamo magari mawili hupishana kwa dua. Kataa. Mzunguko unaopendekezwa na jimbo unaanzia Silverthorne, unapanda kaskazini kupitia Kremmling, Steamboat Springs na Craig, kisha unashuka Rifle kwenye 90. Unaongeza saa kadhaa, ndiyo, lakini ni lami mwanzo mwisho. Ndiyo maana unatakiwa kuwa umeangalia COtrip ukiwa Silverthorne, na si ukiwa Gypsum.

Baada ya Glenwood Springs kwenye 116 sina mengi ya kukuambia. Barabara ni pana, mbingu ni kubwa, kasi inafika 75, usingizi ndio adui. Simama Rifle unyooshe miguu. Karibu na Palisade, namba 42, barabara inapita tena korongoni mara ya mwisho, kisha mmefika.

Mwishoni mwa njia ya kutokea kuna hatari ambayo Mmarekani hawezi kukuonya, kwa sababu hajakulia kushoto. Ukiwa kwenye I-70 yenyewe huwezi kukosea upande, katikati pana kizuizi na magari yote yanakwenda unakokwenda. Mkosi unakuja unapotokea umechoka, unafika kwenye barabara ndogo ya njia mbili, hakuna gari hata moja la kumwiga, unakata kushoto, na mwili unakupeleka upande wa Iringa. Kabla hujakata, sema kwa sauti, «Mimi nakaa karibu na mstari wa katikati.» Dereva wa hapa siku zote yuko upande wa mstari wa katikati, abiria upande wa ukingo. Ukiona mabango mekundu ya WRONG WAY, simama, washa taa za hazadi, geuza taratibu. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha saa na unawapisha wanaotoka kushoto. Horizon Drive utazikuta mbili, moja kila upande wa I-70.

Mkirudi, Vail Pass na handaki yanakuja kinyume, na mteremko ni kutoka handakini hadi Georgetown, halafu Genesee hadi Morrison. Huu wa mwisho ndio unaodanganya. Denver inaonekana mbele, tambarare kabisa, na dereva anajisikia amefika. Jimbo limeweka mabango ya njano yanayowaambia madereva wa malori wasidanganyike, bado kuna maili nne za mteremko na kona kali. Yasome nawe. Mwezi wa nne 2019, dereva kijana mhamiaji aliteremka hapo na lori la mbao likiwa halina breki, akapita njia ya kokoto bila kuingia, akagonga foleni ya magari kule Lakewood. Watu wanne walikufa. Alihukumiwa miaka 110, na Gavana Jared Polis akaipunguza kuwa 10. Ninawasimulia wanafunzi wangu kisa hicho, hasa wale wanaotaka leseni ya lori.

Msirudi Jumapili mchana. Wateleza theluji na watalii wote wa Denver hurudi saa hizo, na handaki hugeuka foleni. Ondokeni Grand Junction kabla ya saa mbili asubuhi, au laleni kwa wifi mpaka Jumatatu, atafurahi kupata wa kumshikia mtoto.